Kundi Usilolifungua

S.L.P. 41,
Nyamache.
Jumapili, 16 Novemba 2025.

Mpendwa dada Mong'ina,

Pokea salamu kutoka nyumbani, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini wewe, shemeji Ochoki na mwanenu Jasper mu wazima huko Minnesota, na kwamba goti lako limepoa tangu uteleze kwenye theluji ya kwanza. Sisi huku hatujambo. Presha yangu imeteremka. Daktari anasema ni dawa. Bathsheba, ambaye miaka thelathini na mitatu ya ndoa haijamfundisha kunionea huruma, anasema ni kwa sababu redio imeharibika na sina wa kubishana naye asubuhi.

Mvua imenyesha vizuri na majani chai yamechipuka. Ile mistari sita karibu na kijito, ambayo mama alikugawia, wachumaji bado wanaiita kwa Mong'ina. Juzi nilimsikia mchumaji mgeni akiuliza, "Huyo Mong'ina ni nani, mbona haji kuchuma kwake?" Wenzake wakacheka. Mimi niliingia ndani nikakaa.

Miaka kumi na tisa, dada. Umerudi mara moja tu, kwa mazishi ya mama, siku tisa, na mbili kati ya hizo ulilala kwa uchovu wa safari. Nilitaka kukuamsha. Nilisimama mlangoni mara tatu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unatujua. Kwenye simu mimi na wewe hugombana kabla ya dakika ya nne, halafu mmoja wetu husingizia mtandao. Karatasi haikatiki. Nikimaliza, Bathsheba atapiga picha kurasa hizi akutumie leo hii, na karatasi zenyewe zitafuata kwa posta kwa sababu nataka uzishike.

Unakumbuka mwanzoni mwa Oktoba uliponionyesha kazi yako? Nilikuuliza inawezekanaje kusoma maombi elfu tatu na mia nne ya madaktari wanaogombania nafasi kumi na mbili za kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto. Ukaigeuza simu ili niione kompyuta yako. Ukabonyeza hapa: aliyewahi kurudia mtihani, atoke. Ukabonyeza pale: aliyehitimu zaidi ya miaka mitano iliyopita, atoke. Orodha ikapungua mbele ya macho yangu mpaka yakabaki maombi mia tano, na hayo ukayagawa katika makundi matatu ya rangi. Nikakuuliza wale wengine wamekwenda wapi. Ukasema, "Wako kwenye kundi lao, kaka. Hawajafutwa. Ni vile tu hakuna mtu hulifungua."

Nilicheka. Nilikusifu hata. Nilisema kaunti zetu zingefaa kununua chujio kama hilo, kwa kuwa chujio halina mjomba wala shemeji wa kumpa kazi. Maneno hayo ni yangu na siyakani.

Sasa sikiliza.

Sabato ya tarehe nane, baada ya kanisa, binti yangu Lavender alikuja kutoka Nyamira na nanasi alilonunua Keroka. Unamjua tangu akiwa mtoto, ila ulimwacha na miaka kumi na mitatu, na siku zile tisa za mazishi hamkupata hata nafasi ya kukaa pamoja. Siku hizi ni mtu mzima mwenye mvi mbili ambazo hataki zitajwe. Tulikuwa mezani, mboga ya chinsaga imekwisha, akaanza kuuzungusha mkebe wa chumvi kama afanyavyo akiwa na jambo.

"Baba, nikikuambia kitu utakiandika gazetini?"

"Inategemea kitu chenyewe."

"Basi wacha tu."

"Mwambie," Bathsheba akasema. "Gazeti lenyewe wenye hoteli wanafungia mandazi."

Akatuambia. Kwa miaka miwili amekuwa akisoma kisirisiri kwa ajili ya mitihani ya huko kwenu, na yote ameipita mara ya kwanza. Mwezi wa Septemba alituma maombi kwa hospitali arobaini. Thelathini na mbili zimekwisha kumkataa, na mojawapo ni yenu. Akanipa simu nisome. Mpendwa Mwombaji, tumepokea maombi mengi kuliko nafasi, tunakutakia kila la heri. Na chini kabisa, mahali pa sahihi: Mong'ina Nyangau, Mratibu wa Mafunzo.

"Ona, shangazi ameniandikia," Lavender akasema huku akicheka. "Rasmi kabisa."

Mama yake hakucheka. "Alijua ni wewe?"

"Angejuaje, Mama? Jina halimfikii. Miaka inakatwa kwanza, jina baadaye. Mimi nina minane tangu nihitimu."

Dada, naamini hukujua. Nakuambia hivyo mapema usije ukaanza kunijibu kabla hujamaliza kusoma. Lakini hesabu mwenyewe. Siku ile nikicheka kwenye simu, huenda faili lake lilikuwa miongoni mwa yale niliyoyaona yakiondoka.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Wewe ndiye uliyeandika kwamba daktari anayehama ni askari anayetoroka na bunduki ya serikali. Ningekuambiaje?" Nikamuuliza kwa nini basi hakukupigia wewe. Akasema, "Na ni wewe pia hupiga simu redioni kila wiki kusema anayeingia kwa kujuana ni mwizi. Ningempigiaje?"

Nimebishana na wakubwa wa kaunti, wachungaji na wahariri. Siku hiyo nilichukua kisu nikamenya nanasi. Mdomo wangu mwenyewe ndio uliokuwa umemfungia mtoto milango yote miwili.

Nimefikiri juu ya hiyo miaka minane. Mmoja alifanya mazoezi ya kazi. Saba amekaa kwenye hospitali ndogo ya Nyamira, na kwa mitatu kati ya hiyo saba hakukuwa na daktari mwingine wa kuwaangalia watoto. Mashine ya kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati ilikuwa moja. Alijifunza kuwafunga wale waliobaki kwa leso kwenye vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, akawafundisha wauguzi, na wauguzi wakaenda kufundisha zahanati za pembeni. Niliwahi kwenda kumpelekea chakula nikamkuta amekaa sakafuni, anahesabu pumzi za mtoto mwenye ukubwa wa kiatu changu. Hakuniona. Niliweka chakula nikaondoka.

Miaka hiyo chujio lenu linaihesabu kama kutu. Kijana aliyehitimu juzi, ambaye hajawahi kuwa peke yake na mtoto anayekata roho, ni msafi. Aliyekaa nao miaka saba amechakaa. Ni nani aliyekaa chini akaamua hivyo? Usiniambie ni kompyuta. Kompyuta haikuchagua tano. Kuna mtu aliyechoka, siku moja mchana, aliyetaka orodha fupi, akaandika tano, na kila mwaka tangu siku hiyo mnaiacha pale pale kwa sababu inafupisha kazi.

Jumanne nilikuwa soko la Daraja Mbili kwa Jaffer wa mitumba, yule ambaye babake alikuuzia koti la safari. Yeye naye hupanga makundi: zile safi za kwanza anaziita kamera, na zile za mwisho zinazorundikwa chini anaziita fagia. Nikamuuliza kama huwa anatupa nguo kwenye fagia kwa kuangalia mwaka.

"Mwalimu, shati lina mwaka?" akasema. "Mimi nalikunjua. Naangalia kwapa, naangalia kola. Kuna koti hapo lilishonwa kabla sijazaliwa, na utazikwa nalo wewe likiwa bado zima."

"Nani amekuambia nitakufa kabla yako?"

"Na hasira hizo? Chukua koti, Mwalimu."

Sijifanyi malaika, dada. Mwaka juzi bodi ya shule yetu ilipata maombi mia mbili na kumi ya nafasi moja ya mwalimu wa hisabati. Mimi ndiye niliyependekeza tuyaondoe yote yaliyoandikwa kwa mkono. Tulimaliza kabla ya chai na tukapongezana. Sijui nilimwacha nani kwenye katoni tulimoyatupa. Najua uzito wa maombi elfu tatu na jozi moja ya macho. Ndiyo maana nagombana na wewe na simtukani mtu.

Sasa nikuambie lile ambalo sijalitamka humu ndani. Bathsheba atalisoma akipiga picha, na liwe liwalo.

Niliposoma barua ile yenye jina lako, kitu cha kwanza kilichoniingia moyoni kilikuwa furaha.

Nilifurahi, Mong'ina. Mwanangu amekaa mbele yangu, mkebe wa chumvi mkononi, na mimi nafurahi kwamba hataondoka. Nilijua kuondoka kunafanya nini. Katika mwaka wake wa mwisho mama alikuwa akimwita Lavender kwa jina lako, na Lavender akiitika. Hakuwahi kumsahihisha. Mimi nilikuwa natoka nje. Tangu uende sina ndugu wa rika langu wa kuniambia nimekosea. Nakuandikia Kiswahili ili Jasper naye asome, lakini ugomvi wetu mimi na wewe ulikuwa wa Ekegusii, na katika lugha ile hakuna ndugu aliyebaki nyumbani wa kunipinga bila kuniogopa au kunihurumia. Wanasema Mwalimu Machogu hashindwi. Wewe ulikuwa unanishinda jikoni huku ukimenya ndizi, bila hata kugeuka.

Kwa hiyo chujio lilipomrudisha Lavender, lilinifanyia kile nilichokuwa nikikiomba kimoyomoyo. Lilimwacha Nyamira, ninakofika asubuhi na kurudi mchana. Mimi ninayepiga kelele juu ya haki kila wiki nimekuta dhuluma imenipendelea, nikaipokea kwa mikono miwili. Wiki nzima nimekuwa na aibu hiyo. Siwezi kuitoa kwa kuandika gazetini. Naitoa kwako.

Lavender anajua ninaandika. Alisema, "Usiandike kuomba, Baba. Andika kubishana, hiyo ndiyo kazi unayoijua." Basi hoja yangu ni hii.

Ulisema usaili wenu unaendelea hadi Januari. Lifungue lile kundi. Liondoe sharti la miaka, na mahali pake uweke swali lingine: ni nani amekuwa akitibu watoto mfululizo tangu ahitimu? Kompyuta yako inaweza kupanga hivyo, maana safu yenyewe niliiona, iko upande wa kulia na hakuna aliyeibonyeza. Hawatakuwa maelfu. Watakuwa kina Lavender wa kila mahali, wa Nepali, wa Haiti, wa Nyamira, watu waliobaki kazini wenzao walipoondoka na sasa wanaadhibiwa kwa kubaki.

Faili la Lavender usilisome wewe. Mwambie mkuu wako waziwazi kwamba ndani ya kundi hilo kuna mtoto wa kaka yako, kisha ukae kando. Hiyo si kujuana, na nikisikia mtu akiita kujuana nitamjibu mwenyewe. Akionekana hafai, mkataeni. Sitaandika tena juu ya jambo hilo. Lakini akataliwe na mtu aliyemsoma.

Wala usinijibu kwamba sheria ni sheria. Uliwahi kunikataza neno hilo nilipokuwa kiranja na wewe ukachelewa kwa sababu ulikuwa unambeba mtoto wa jirani aliyevunjika mguu. Nilitaka kuandika jina lako. Uliniambia, "Andika, lakini kwanza uliza nimetoka wapi." Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na ndipo nilipoanza kuwa mtu wa kuuliza. Ubishi huu wanaoulaumu watu niliupata kwako.

Akiitwa, ataondoka. Nimekaa na neno hilo tangu Sabato na halijapungua uzito. Nitampeleka mwenyewe hadi Nairobi, nitambebea begi, na nitarudi na kiti kitupu pembeni yangu. Nitakuwa na barua mbili za kuandika kila mwezi, zote kwenda jimbo moja, na hakuna atakayekuwa karibu wa kunisahihisha tahajia. Hospitali ile ya Nyamira nayo nitaipigia kelele mpaka wampate daktari mwingine, hata kama itabidi nilale kwenye ofisi zao. Hayo ni yangu kuyabeba. Wewe lifungue.

Bathsheba anakusalimu na kusema amehifadhi mbegu za chinsaga, ni wewe tu useme zitasafirije. Shangazi yetu Moraa wa Keroka anauliza kila Jumatatu kama utakuja, na kila Jumatatu namwambia mwakani. Msalimie shemeji Ochoki, mwambie ile hoja yake ya mwaka jana kuhusu kodi bado ni mbovu. Mwambie Jasper mjomba wake anamngoja, na kwamba nitamfundisha kutukana kwa heshima katika lugha ya nyumbani.

Mungu wa mama yetu akushike mkono kwenye barabara zenye barafu, na atupe siku ya kukutana tukiwa bado na meno ya kugombana.

Mimi kaka yako akupendaye, anayekuomba ulifungue kundi lile na anayeiogopa siku utakapolifungua,

Machogu.