Malaria Niliyoitangaza Makaburini

Ngumbo,
Wilaya ya Nyasa.
12 Juni 2024

Mpendwa Dada Lidia,

Shikamoo. Habari za Tabora? Shemeji Vitalis bado anakoroma kama injini ya boti? Huku tu wazima, dagaa wetu wa usipa wanapatikana ziwani, nami nazidi kupendeza. Pikipiki sasa ni yangu, na kutoka hapa hadi Mbinga hakuna wa kunipita. Waulize wasichana.

Ila sijakuandikia majigambo. Soma ukiwa umekaa.

Kaka yako Methodi yuko rumande. Mwezi uliopita alimtoa mimba Restituta, binti wa mama Eliza, kule chumba cha nyuma cha duka lake la dawa. Binti akatokwa damu siku mbili, ndipo kaka akaniita. Tulipakizana mshikaki, mgonjwa katikati, tukapanda milima hadi hospitali. Kaka aliteremkia getini. “Wakiuliza sema malaria, bwana mdogo. Wakijua, tumekwisha wote.”

Nami kwa kimbelembele changu nikamwahi nesi kabla hajauliza. Restituta hakuwa na nguvu ya kunikanusha. Wakaanza kumpima malaria. Walipokuja kugundua, walikuwa wamechelewa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, dada.

Msibani wakatafuta wa kusoma historia ya marehemu. Unanijua, la saba nilifeli, lakini kusoma mbele za watu sikosi. Nikavaa shati jeupe, nikasimama makaburini: “Aliugua malaria ghafla.” Sauti ilifika ziwani. Mama Eliza akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumkimbiza mwanawe hospitali.

Kumbe daktari alikuwa ameshaandika yake. Baada ya siku tatu polisi wakaja. Kaka ameshtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Jumatatu naitwa kutoa maelezo, na mpelelezi kaniambia wazi kwamba hata mimi naweza kuunganishwa kwenye kesi.

Baba yenu, baba mkubwa Dunstan, ananisihi nishikilie malaria yangu. “Umeshasema mbele ya kijiji kizima, utabadilishaje? Unamfunga ndugu yako!” Nikatoka nikiisukuma pikipiki kwa mkono. Mimi!

Jana nikaenda kwa mama Eliza. Habari za kaka alishazisikia, lakini uongo wangu kwa nesi alikuwa haujui. Nikamweleza wote. Hakunipiga, wala hakulia. Aliuliza tu, “Ungesema kweli pale pale, angepona?”

Nikamwambia sijui. Natamani angenipiga.

Basi Jumatatu nitasema yote, ya kaka na yangu. Huenda tukafungwa wawili. Nimeona uyasikie kwangu, si kwa watu wa minibasi. Ukininunia nitaelewa, ila baba mkubwa mpigie simu, hali chakula.

Nisalimie shemeji na watoto, na Tadea wenu mwambie asiishie la saba kama mimi. Mungu akutie nguvu ya kuipokea barua hii, na amrehemu Restituta.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda hata kama hutanijibu,

Joakim