Zuhura Ameacha Chumvi

Jumatano, 3 Septemba
Nimerudi kutoka soko la Kongowea na viazi. Nimekaanga viazi karai vya kuuza, nikamwekea mwanangu Zuhura vyake. Hakugusa. Amekula papai na mchicha usio chumvi, akaenda zake kazini Kipevu. Wiki kadhaa sasa. Mtoto aliyekuwa akilamba bakuli la ukwaju. Silipendi jambo hili.

Ijumaa, 5 Septemba
Asubuhi nimemwona uani, juu ya mkeka. Mkono tumboni, macho kayafumba. Anavuta pumzi kwa pua, tumbo linafura, kisha anaiachia polepole. Jirani yangu Mama Kadzo naye kamwona. "Mwanamke hashiki tumbo bure," akasema.
Zuhura hana mume.

Jumamosi, 6 Septemba
Si mimba. Yumo mwezini, nimeona mwenyewe. Nikashukuru, kisha nikaogopa zaidi. Basi ni nini? Nguo zinampwaya. Pwani hii tumesikia ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe, na wakafunga kweli. Nani anamwambia mwanangu asile?

Jumatatu, 8 Septemba
Alikuwa kwenye simu. Nilisimama nyuma ya mlango, wala sioni haya kuandika. "Nimepungua. Daktari karidhika. Mama hajui."
Akaniona, akakata.
Viazi vimeniungulia. Sikuuza.

Jumanne, 9 Septemba
Baada ya alasiri nimemkalisha. "Nambie, nani anakukataza chakula changu?"
Akaangalia sakafu. "Ni baba, mama. Figo zake zimekufa. Yangu moja inamfaa. Daktari alitaka kwanza nipungue uzito, presha ikae sawa."
"Na hizo pumzi?"
"Za kutia mapafu nguvu, kabla ya kupasuliwa. Na za hofu. Naogopa, mama."
Salim, baba yake. Alitoka nyumba hii na begi lake, akaoa Likoni, hakuuliza tena mwanawe amekula nini. Nimemwambia Zuhura sitaki. Kasema hakuombwa na mtu, kajitolea mwenyewe.
Namchukia Salim. Mwanangu nilimshuku, sasa namwogopea.

Alhamisi, 11 Septemba
Jana sikusema naye. Leo nimepika mchicha kwa ndimu na kitunguu thomu, bila chumvi. Kala wote. Nami nimeonja. Si mbaya.

Jumapili, 14 Septemba
Baada ya sala ya alfajiri nimekaa naye mkekani. Pumzi zangu fupi. Kifua kinapanda, tumbo limelala tu.
"Taratibu, mama," akasema, akaniwekea mkono.
Nikaweza kidogo. Sijamsamehe mtu. Lakini mchana nimepata usingizi, wa kwanza tangu Jumanne.

Jumatatu, 22 Septemba
Hospitali. Wameingizwa wote wawili chumba cha upasuaji asubuhi. Mwanajuma, mke wa Salim, kanikuta kwenye benchi nje. "Shikamoo, dada."
Nilikusudia nisiitikie. Nimeitikia.
Tumekaa mpaka adhuhuri imepita. Daktari katoka, kasema wote wazima. Mwanajuma kalia.
Nimeingia kumwona Zuhura. Midomo mikavu, sauti ndogo. Kaniuliza kama nimekula.
Sijala. Mwanajuma alikuwa na ndizi za kuchemsha kwenye kibakuli. Tumegawana.