Kipande cha Keki Ambacho Sijakionja

Gungu,
Jumapili asubuhi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa nje juani, mguu uko juu ya kigoda kama mama anavyokusihi. Mimi na shangazi hatujambo. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu nikikuuliza kidonda unaniuliza kama mvua imenyesha mjini.

Mbio zetu za Jumamosi naendelea nazo. Tangu daktari akukataze vitu vitamu, ukaniambia nikimbie kwa miguu yako na nile kwa mdomo wako, sijaacha. Keki ya wiki iliyopita, ya duka la Mwanga, ilikuwa kavu, ungedai chai. Jana nilianzia Kibirizi, njia yako ya zamani ulipokuwa unasoma hapa. Akina mama wanaoanika dagaa wakanicheka: "We binti, polepole, meli haijaondoka!" Niliona aibu, nikaongeza mwendo mpaka Ujiji.

Pale Ujiji kuna mama mmoja, Bi Mwajuma, anaoka keki za ndizi. Aliponiona akasema, "Mwanariadha, hebu niambie, unakimbia upungue au unakimbia ule?"

"Namlia baba keki," nikamjibu. "Yeye ana sukari. Tena ana kidonda kwenye kidole cha mguu, ila hospitali hataki kuja. Anaogopa watamkata."

Akaacha kukata keki. "Kimeanza lini?"

"Kabla kahawa haijaiva."

"Na sasa?"

"Tumeshavuna."

Akakiweka kisu chini. Kisha akaniambia kuwa marehemu mume wake naye alianza na kidole. Alikificha ndani ya soksi, kila siku akisema kinakauka. "Mwambie baba yako aje na kidole, mwanangu. Asisubiri aje na mguu."

Akanifungia kipande kwenye karatasi. Sikukimbia kurudi, baba. Nilitembea.

Kipande hicho kiko hapa mezani ninapoandika. Kinanukia iliki, na juu kimeiva rangi ya udongo wa kwetu Kalinzi. Sijakionja, na ladha yake sitakuandikia. Najua mtoto hampi baba yake masharti, nisamehe. Lakini keki ya ndizi haikai, itaota ukungu. Kijana wa pikipiki anayekuletea barua hii atashuka tena kesho na mzigo wa kahawa. Panda naye. Shangazi ameshakutandikia kitanda, na mimi nitaomba ruhusa shuleni tuingie wote kwa daktari. Nitakushika mkono. Tukitoka nitaila mbele yako, polepole, nikuambie kila kitu.

Msalimie mama, umwambie sweta lake linanitosha. Bibi mpe shikamoo yangu, na mdogo wangu Yusta asichezee viatu vyangu vya zamani.

Ninakusubiri, baba. Miguu yako ninayo mimi kwa Jumamosi tu.

Binti yako,
Adelina