Pijo Imewaka, Mama Mkwe Kapanda Baiskeli

Ijumaa, Mei 1993. Kitale. Mvua imetufuata tangu tulipotoka Bungoma, na hata sasa jioni inapiga bati kwa hasira. Chai imepoa mezani. Sina hamu nayo.

Nina aibu. Acha niandike hivyo kwanza, nisije nikaanza kuzunguka.

Gari limewaka. Hilo kila mtu hapa mtaani analijua, maana nimehakikisha wanalijua. Ni Pijo 404 nyeupe ya marehemu baba mkwe, aliyoinunua kwa mzungu mmoja mkulima wa huku Trans-Nzoia aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Mzee alipofariki mwanzoni mwa miaka ya themanini, gari lilibaki kando ya ghala la mahindi nyumbani kwake Myanga, nje ya mji wa Bungoma. Kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma, panya wakala nyaya, nyigu wakajenga chini ya usukani.

Mwaka jana mama mkwe alimtuma mke wangu Nafula aniambie nilichukue nilifufue, na likipona limsaidie kwenda kanisani na hospitali. Hakusema liwe langu. Nilimsikia Nafula vizuri sana, na masikio yangu hayana kasoro.

Kulifufua nimelifufua, sifa hiyo sitajinyima. Tulilivuta kwa trekta mpaka Kitale. Injini ilikuwa imeshikana kabisa. Nikamwaga dizeli kwenye matundu ya plagi, nikaiacha inywe taratibu, kisha mimi na fundi Barasa tukatia gia na kulisukuma gari mbele na nyuma mpaka pistoni zikaachia. Tangi la petroli lilijaa kutu, tukatia kokoto ndani na kulitikisa hadi mikono ikafa ganzi. Kabureta niliifuata Lwakhakha, mpakani, kwa wauza vipuri vikuukuu. Siku lilipowaka lilitoa moshi mweusi wa kutisha majirani, halafu likatulia na kunguruma kwa upole. Machozi yalinitoka, nikasingizia moshi.

Hiyo ilikuwa kabla ya Pasaka. Tangu hapo nimekuwa mtu mwingine. Kila Jumamosi naliosha mbele ya nyumba, polepole, ili wapitao wote walione. Wananiita Bwana Pijo. Wakiniuliza nililinunua wapi, nasema ni hadithi ndefu, nacheka. Nafula akiuliza tunalipeleka lini Myanga, namwambia breki bado. Breki zilipokamilika, ikawa taa.

Wiki hii hakuuliza. Alisema. Mama yake macho yanafifia, na daktari wa macho huja Bungoma mara moja kwa mwezi. Leo ndiyo ilikuwa siku yake, na gari lingekuwa uani kwa mama asubuhi.

Basi tukaenda.

Mama mkwe alisikia injini tukiwa bado barabarani. Tulipoingia alikuwa amesimama nje ya jiko, gauni la kanisani mwilini, kitambaa kipya kichwani, mkoba mkononi. Niliteremka haraka nikapita nyuma ya ghala, kama inavyotakiwa. Kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Kutoka kule nyuma nilichungulia. Alikuwa anapapasa boneti kwa viganja vyote viwili, akimwambia Nafula kwamba sauti ni ileile ya mzee.

Ndipo nikatazama barabara, tope tupu. Nikamtazama Wekesa, kaka yake Nafula, ambaye anajua kuendesha na hana gari. Nikaona wazi kwamba ufunguo ukiingia mfukoni mwa Wekesa leo hautatoka tena, na mimi nitarudi Kitale kwa basi kama mtu yeyote.

Nikasema siwezi kumbeba mama. Nikasema ni mwiko, mimi na yeye ndani ya gari moja, watu watatuonaje?

Mimi huyu. Mimi ninayewacheka wenzangu kazini wakitaja mambo hayo.

Wekesa alishangaa. "Lakini shemeji, si unipatie funguo mimi niendeshe? Mama akae nyuma, wewe ubaki hapa na wazee. Hakuna shida bana."

Ndivyo kila mtu pale alivyodhani itakuwa, na hakuna mwiko wowote unaokataza. Nikamwambia klachi ina ujanja wake, nimeizoea mimi peke yangu.

Klachi ni mpya.

Hakuna aliyebisha. Mkwe akija kwa wakwe zake habishiwi, na hilo nililijua nilipofungua mdomo. Wekesa akaita mtu wa baiskeli za kubeba abiria. Mama akaketi nyuma, mkoba mapajani, wakaondoka, Wekesa akitembea kando na kuishika baiskeli isiteleze. Mimi nikakaribishwa ndani nikaletewa kuku. Mama alikuwa amemchinja alfajiri kwa ajili yangu. Nilikula. Hata firigisi niliyowekewa kwa heshima niliila, nikanawa mikono.

Walirudi alasiri wamelowa. Walikuta daktari ameshamaliza na kuondoka, wakaambiwa warudi mwezi ujao.

Nilijua sasa nitalaumiwa, na nadhani ningeshukuru. Nilikuwa sebuleni. Mama alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama upande wa pili wa ukuta, akapaza sauti kidogo ili nisikie.

"Ambieni mkwe wangu asante. Vijana wa siku hizi hawajali, lakini yeye amenitunzia heshima yangu."

Hapakuwa na kejeli. Namjua yule mama, alisema kwa moyo wake wote. Nilitamani sakafu inimeze. Nikaitikia asante kwa sauti ambayo sikuitambua, nikasema mvua inazidi, bora tuondoke.

Njiani nikamwambia Nafula barabara ni mbaya, akatazama dirishani. Gari lilikwenda vizuri kuliko siku zote, halikukohoa hata mara moja, na nililichukia kwa hilo.

Nimeamua. Kesho narudi Myanga, nampa Wekesa ufunguo, narudi kwa basi. Hilo ni rahisi, na nashangaa jinsi lilivyo rahisi. Gumu ni kumwambia yule mama kwamba haikuwa heshima. Siwezi kusimama mbele yake nikayasema mwenyewe. Hapo mwiko ni wa kweli, lazima mtu anisemee.

Nimemwomba Nafula sasa hivi. Alikuwa anakunja nguo na hakuinua kichwa.

"Mama yangu leo amelala akijua ana mkwe mwenye adabu," akasema. "Mimi sitampelekea habari nyingine. Tafuta mtu."

Nimekaa hapa natafuta. Nimewapitia ndugu, marafiki, hata mzee wa kanisa. Kila ninayemfikiria, itabidi kwanza yeye mwenyewe ajue nilichofanya.