Mashine Chini ya Kanga

Mwanangu Shabani,

Nakupa salamu za asubuhi na za jioni kwa pamoja, maana sijui barua hii itakufikia wakati gani wala itapita mikononi mwa nani. Wameniambia huko kambini walikokufungia kila barua hufunguliwa kwanza. Haya, na ifunguliwe. Nawe bwana utakayeisoma kabla ya mwanangu, nakuomba usome hadi chini, jambo lenyewe nimeliweka mwisho.

Mwandiko ni wangu. Nilitaka kumpa mjomba wako Athumani aandike, nikaona hapana. Mimi nilisoma chuoni tu, juzuu na herufi za Kiarabu, na hizi nyingine ulinifundisha wewe kwa mkaa pale barazani, ukinicheka kila nikigeuza S. Basi ukiona S imegeuka, ujue ni mama yako na si mtu mwingine.

Kifua je? Nimempa askari mmoja wa kituoni sweta ya baba yako, ile ya kijivu, akasema itafika. Kama haijafika niambie. Kama imefika, ivae ndani ya shati wala si juu, na usiwe mtu wa kumpa mwenzako kwa haya halafu ulale unakohoa. Nakujua.

Usiku na mchana, ninachokiona machoni ni ile siku ulipoileta mashine. Mlikuja wewe na hamali, mkokoteni umelemaa upande mmoja, kitu kimefungwa gunia kama maiti. Mama Zuhura mpangaji wetu alikuwa uani anakaanga mandazi. Akasema, "Bi Mwanaisha, njoo uone, mwanao kaoa."

Nikamwuliza, "Kamwoa nani?"

"Sijui, lakini ni mzito na hasemi."

"Afadhali huyo. Wanaosema nimewachoka."

Wewe ulicheka huku unahema. Ulipofungua gunia nikaona kisanduku cha chuma, kutu tupu, na mkono ubavuni kama mtu aliyekatwa mmoja akabakiwa na mwingine. Ukaniambia ni mashine ya kamari ya Wazungu, ilitupwa kilabuni huko mashambani, na Bwana Dikosta aliyekuajiri dukani kwake, yule fundi saa wa River Road, ameona haina faida akakupa. Tumboni mwake panya walikuwa wamezalia. Nikasema, "Shabani, kamari, ndani ya nyumba ya marehemu baba yako Ramadhani?" Ukanijibu, "Mama, imekufa hii. Maiti hachezi kamari."

Ikaja ile jioni ya mjomba wako. Athumani ni ndugu yangu, nampenda, lakini kufundisha watoto chuoni kumemfanya awe mwalimu hata akiwa anakula. Alisimama mlangoni, hakuvua viatu.

"Shabani, hicho ni nini?"

"Mashine, Mjomba."

"Ya nini?"

"Ya kuzungusha matunda."

"Matunda gani?" Ukainama. Akasema, "Mimi nilikuwa boi kwa Wazungu kabla wewe hujazaliwa. Nimezifuta vumbi hizo. Haramu ukiipiga brashi inabaki haramu, ila inang'aa."

"Sitacheza, Mjomba, wala hatacheza mtu humu. Nataka tu iamke."

"Iamke ifanye nini?"

Nikaingilia kati nikamwambia chai inapoa. Akainywa nje barazani, na toka siku hiyo tukawekeana masharti: senti isiingie ndani ya mashine ile hata moja, na Mjomba akija ifunikwe. Nikatoa ile kanga yangu ya zambarau iliyochujuka. Akija, kanga juu. Akiondoka, kanga chini. Yeye anajua, sisi tunajua, na chai inanyweka.

Nyumba nzima ikanuka mafuta ya taa. Parafujo zimelowekwa kwenye kopo la maziwa, mswaki mkuukuu, vitambaa, na mafuta ya cherehani ya baba yako ukayamaliza bila kuniuliza. Nikadhani utachoka. Hukuchoka. Ulikuwa ukitoka kwa Dikosta hata maji hunywi, unakaa chini kwenye mkeka, unaichokonoa. Ulipofika kwenye yale magurudumu matatu yenye karatasi za picha, ukaniita nikusaidie kuzisafisha kwa pamba kavu. Kulikuwa na kengele, na ndimu, na kitunda chekundu kidogo chenye kikonyo. Ukaniuliza, "Mama, hiki nini?" Nikakwambia kunazi. Ukasema Bwana Dikosta anakiita jina jingine. Nikasema Dikosta hajafika kwetu Lamu akaliona likiiva mtini, hiyo ni kunazi. Mpaka leo kwangu mimi ni kunazi.

Na ile siku ya rangi unaikumbuka? Nilikuwa na rangi ya kijani imebaki ya madirisha, nikaona sanduku lile limechubuka, nikachukua brashi nikufanyie mema. Uliruka kama umeona nyoka. "Mama, usiiguse!" Ukanikalisha ukanieleza kama mwalimu: watu wanaokusanya mashine hizi hutazama kwanza kama rangi ni ile iliyozaliwa nayo, halafu vichwa vya parafujo kama vimetafunwa na mtu asiyejua kazi, halafu karatasi za picha kama ni zenyewe. Hawataki mpya, ukasema, wanataka ya zamani iliyotunzwa. Nikakuuliza, "Basi mimi na mikunjo hii bei yangu wapi?" Ukacheka mpaka ukakohoa, nikajuta kukuchekesha.

Kwa kujaribu, tulitumia vifungo. Sarafu ya sumuni ndiyo iliyoingia sawasawa kwenye mdomo wake, lakini sumuni tulikatazana, kwa hiyo ukakifungua kibati cha baba yako cha ushonaji, ukapima kimoja kimoja mpaka ukapata vile vyeusi vya koti. Vikaingia kama vimeandikiwa. Nilikwenda uani nikakaa kidogo. Mkono wa baba yako ulivigusa vile.

Halafu ikaamka. Ilikuwa Jumapili, mvua imekatika, watoto wa Mama Zuhura wamejaa mlangoni. Ukavuta mkono, magurudumu yakazunguka, ndani kukalia tik tik tik kama saa yenye haraka, yakasimama moja moja, na vifungo vikamwagika kwenye kisahani. Watoto walipiga kelele mpaka wa nyumba ya pili wakaja. Ukaniambia, "Mama, vuta wewe sasa." Nikakataa. Nikasema sijagusa mkono wa kamari toka nizaliwe. "Si kamari, Mama. Ni kifungo cha Baba." Nikasema siku nyingine.

Ile siku nyingine ndiyo inayonikosesha usingizi.

Mzungu wa Limuru alikuwa aje Jumamosi kuitazama. Yule anayezikusanya, mwenye chumba kizima, hazichezi, anazitazama tu. Ukataka aikute safi kabisa, ukaifungua tena, ukatoa ile springi kubwa na ule mrija wa shaba unaopanga sarafu, ukaviloweka. Na siku hizi za emajensi, watu wanasakwa kwa bunduki za kujitengenezea, mwanangu, hakuna aliyefikiri. Mimi sikufikiri. Chuma ni chuma.

Walipoingia askari mtaani sisi wanawake tulitolewa nje tukapangwa ukutani. Wewe ulikuwa ndani na mjomba wako aliyekuja kunywa chai, kwa hiyo mashine ilikuwa chini ya kanga. Niliyoyajua mimi wakati ule ni kwamba ulitoka umeshikwa mikono, na askari mmoja amebeba springi na mrija kwenye gazeti, anasema, "Bomba la bunduki hili." Wakauliza baba yako kabila gani. Ukasema kweli, kwamba ni Mkikuyu, alizaliwa Murang'a akasilimu hapa hapa Pumwani. Hapo hawakuuliza tena. Nilikuita. Uligeuka ukaniangalia, ukasema, "Mama, chai yako," kama mtu anayetoka kwenda dukani.

Nilijiuliza siku zote zile: kwa nini hukuwaonyesha mashine? Ilikuwa hapo hapo, hatua mbili. Nikafikiri labda walikupiga ukachanganyikiwa. Nikafikiri mengine mabaya zaidi, ambayo mama hafai kuyafikiri.

Jumamosi Mzungu wa Limuru akaja kweli. Akaiinamia, akapitisha kidole kwenye rangi, akatazama parafujo, akasema kijana huyu ana mkono mzuri. Nikamwambia mwenye huo mkono amechukuliwa, twende kituoni, useme tu ulichosema hapa. Akaitazama kofia yake. Akasema mashine ataichukua sasa hivi hata bila springi, lakini mambo ya kituo si yake. Mwanangu, fedha alizotaja zingeniezekea nyumba. Nikavuta kanga nikaifunika. Nikamwambia mwenyewe hayupo.

Baada ya hapo ndipo Athumani alipokuja. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akakaa chini mbele ya mashine yako, hakutaka chai. Akaniambia yote. Kwamba askari walipoingia alishikwa na aibu, mwalimu wa chuo kukutwa na kamari, akakalia mashine pamoja na kanga yake. Wakamwuliza, "Mzee, umekalia nini?" Akasema, "Sanduku la nguo la marehemu." Na wewe, springi mkononi mwa askari, ukamtazama mjomba wako, ukanyamaza.

"Angefungua mdomo angeniumbua," akaniambia. "Hakutaka kuniumbua, dada. Mimi mtu mzima nimestirika, yeye amekwenda."

Nilimpiga Athumani, Shabani. Nimpige nani mwingine? Nilimpiga kwa ile kanga mpaka mkono ukachoka, naye hakujikinga. Halafu tukalia wote wawili, na Mama Zuhura akaja na mandazi.

Ijumaa iliyofuata tuliipakia mashine kwenye mkokoteni kuipeleka kituoni. Nilitaka kuifunika, Athumani akaikunja kanga akanipa nishike. Tukapita mbele ya msikiti watu wanatoka. Mmoja akamwuliza, "Mwalimu, unasukuma nini leo?" Akajibu kwa sauti ile anayosomeshea, "Mashine ya kamari ya mwanangu." Hakusema ya mpwa wangu. Wengine walitema mate. Wawili walikuja wakashika mkokoteni upande wa nyuma mpaka tukafika.

Inspekta alitoka nje akaizunguka. "Hii masini nafanya nini?" Athumani akamweleza, akasema pia, "Mimi ndiye niliyesema uongo, bwana, nikamate mimi." Yule akamwambia, "Mzee, kaa chini." Akaleta springi yako na ule mrija kwenye bahasha, vimefungwa kikaratasi. Akasema kwa Kiswahili chake kile, kama springi hii ni ya mashine hii, iwekeni nione ikienda.

Mwanangu, nilikaa karibu nawe miezi na miezi nikikupa chai, na sikujua. Springi ina ndoano mbili, moja ndefu na moja fupi. Nilijaribu, Athumani akajaribu. Tulipoachia, mkono ukaanguka ukaning'inia kama umevunjika, na askari wakacheka. Inspekta hakucheka. Akaniambia nilete mtu anayejua. Bwana Dikosta amekwenda kwao Goa kwa meli kabla hujakamatwa. Nikamwambia, "Anayejua mnaye nyinyi." Akaniangalia sana. Akasema wewe huwezi kutolewa huko kwa ajili ya mashine. Nikasimama tu, sikuondoka. Mwisho akasema, "Basi mwandikie." Na akasema atatutazama tena mara moja, jibu lako likifika, mara moja tu, halafu faili lako litakwenda kama lilivyo.

Ndiyo maana naandika. Niambie, Shabani. Ndoano ndefu inashika juu kwenye mkono, au chini kwenye kile kipande chenye meno? Mrija wa shaba unaingia kabla ya springi au baada yake? Usiniandikie kwa maneno ya Dikosta, andika kama unanielekeza uani. Chora kama unaweza, mimi picha naielewa kuliko maandishi. Na usiandike neno lingine lolote la kuwaudhi, hata kama umeudhika.

Mjomba wako anakusalimu. Kila jioni anakuja kuifuta vumbi, kwa kitambaa kikavu, maana nimemwambia rangi isiguswe. Hatuifuniki tena. Mama Zuhura anasema bibi harusi amezoea nyumba.

Vile vifungo vyeusi nimevifunga kwenye pindo la kanga, navyo ninalala. Jibu likija tutasukuma tena mkokoteni, na mbele ya inspekta na askari wote nitatia kifungo cha baba yako kwa mkono wangu. Ulinialika nikakataa. Safari hii mkono nitauvuta mimi.

Kwaheri kwa sasa, mwanangu. Sweta iwe ndani ya shati.

Mimi mama yako,
niliyekuzaa na ninayengoja ndoano