Sindano ya Iringa na Sindano ya Mbeya

Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimechomwa sindano ya kwanza hapa Mbeya. Kubwa! Mafuta mazito, yaliingia polepole, tako bado linauma. Kule Iringa walikuwa wananichoma kidogo kidogo, mara tatu kwa wiki, tangu lori liliponibana pale mteremko wa Kitonga, madaktari wakanitoa kende zote mbili. Mimi na mke wangu Yudith tulishazoea. Daktari wa hapa, Mzungu kijana, anasema hii ni dawa ya kisasa, moja kwa wiki tatu. Nimefurahi kweli. PWD, idara ya barabara iliyonihamishia hapa, hawataki dereva wa kuomba ruhusa kila mara.

Jumamosi, 9 Machi
Usingizi hakuna. Mwili unachemka. Nimegombana na nyapara Jailos kwa ajili ya koleo — koleo! — nikamkunja shati mbele ya vibarua wote. Mimi, ambaye Iringa waliniita Mchungaji kwa upole.
Nyumbani ni hivyo hivyo. Yudith amehamia kitanda cha mtoto. Anasema, Baba Esta, kila usiku? Nipumzike na mimi. Nikapiga teke ndoo. Esta akalia.

Alhamisi, 14 Machi
Leo vizuri. Nimekula, nimecheka, nimembeba Esta mgongoni. Kama Iringa. Ibaki hivi!

Jumamosi, 23 Machi
Haikubaki. Nimekwisha. Leo ukungu na utelezi, nimesinzia kwenye usukani nikielekea Uyole. Vibarua waliokaa nyuma wakapiga kelele. Gurudumu la mbele lilikuwa limeshaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Jailos hakufoka hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alisema taratibu: Kalinga, ikitokea mara ya pili nampelekea habari Bwana Injinia.
Nikakaa kando ya barabara nikalia. Sikuwa na huzuni yoyote. Machozi tu.

Jumatatu, 25 Machi
Siku ya sindano. Nimemweleza Daktari yote. Juma la kwanza moto, la pili mtu, la tatu maiti. Nikamwuliza, hii na ile ya Iringa ni dawa moja?
Moja, anasema, homoni ya kiume. Testosteroni ni testosteroni. Kilichounganishwa nayo ndicho tofauti, ile ya Iringa inaisha haraka, hii inatoka polepole. Kazi yake mwilini ni ile ile.
Basi mbona mimi si yule yule?
Akacheka, si kwa ubaya. Safari, nyumba mpya, nyapara mpya — mawazo hayo, Bwana Kalinga. Nikaomba ya Iringa. Haiji tena, anasema. Philbert, dresa msaidizi wake, akanigeuza akanichoma.
Mawazo! Lori liliingia mtaroni kwa mawazo?

Jumapili, 31 Machi
Moto umerudi. Kanisani nilitaka kumpiga mtu aliyenikanyaga kiatu. Nikatoka kabla ya sadaka, nikazunguka uwanjani kama ng'ombe aliyefungwa.
Jioni Yudith alinikalisha chini. Mtoto alikuwa kwa jirani. Akasema hivi, nayaandika yote kwa sababu yananichoma: "Baba Esta, hapa Mbeya nimepewa fahali, halafu nimepewa mzee. Iringa nilikuwa na mume. Mimi namtaka yule." Akaniambia angekuwa kijijini Kalenga kwa mama yake sasa hivi, ila ananihurumia. Ananihurumia! Nilitaka kuvunja kitu. Nikaketi juu ya mikono yangu.
Halafu akauliza, hiyo dozi haigawanyiki? Nusu leo, nusu baadaye?
Sikuwa nimewaza hilo.

Jumatatu, 15 Aprili
Naandika hapa hapa hospitali, ndani ya chumba. Yudith yuko nami. Hajawahi kuingia. Miguu yangu mizito, leo amenifunga yeye kamba za viatu.
Amemwambia Daktari mwenyewe, bila kuinamisha macho. Nusu, bwana, na nusu nyingine baada ya siku kumi. Daktari akafungua kitabu chake cha dawa. Akasema kitabu kinasema wiki tatu, lakini kitabu hakilali na mumeo. Tena, kuja mara nyingi kutamsumbua kazini. Akanigeukia mimi. Mwili ni wako. Useme wewe.
Kabla sijajibu sista akamwita mbio, kuna mama anajifungua. Ametoka. Sindano iko mezani chini ya kitambaa cheupe. Imejaa.
Najua Yudith anasema kweli. Nayajua yote, lori, ndoo, Esta kulia. Lakini nimechoka, nina baridi hadi ndani ya mifupa, na ile sindano ni moto. Nataka yote. Yote! Leo hii!
Yudith ameweka mkono wake gotini kwangu. Anauliza, utamwambia nini?
Viatu vya Daktari vinakuja. Nasema, Mama Esta —