Vimo Vyote, Baba

Kitaya, 12 Julai

Mwanangu Asha,

Salaam alaykum. Huku hatujambo, mama yako kifua kimemwachia. Wewe je, baridi ya Dodoma umeizoea?

Tangu ulipoisafisha kompyuta hapa Idi, inakwenda mbio kama mpya. Ila natafuta sauti nilizorekodi za marehemu Mama Lucinda, jirani yetu, sizioni. Arobaini yake ni Jumamosi ijayo, na wanawe, Americo na Telma, wanataka kusikiliza. Unajua hakuwahi kuwaambia baba yao alizikwa wapi walipokuwa wakikimbia vita Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Alisema, "Wasikie nikiwa sipo." Siku ya kulitamka hilo aliniomba nitoke chumbani, akabaki peke yake na mashine. Nielekeze ziliko.

Baba yako,
Zuberi

Dodoma, 14 Julai

Baba, shikamoo. Mimi mzima, kazi tu imenibana. Mama msalimie sana.

Niliifuta kompyuta yote, nikarudisha vitu kutoka kwenye diski ya nakala. Nilikuambia vimo vyote, na vilikuwamo. Kama havionekani, umevifuta mwenyewe bila kujua. Mara ngapi nimekusihi usibonyeze usichokijua? Kazi hii ndiyo inayonilisha, baba.

Mwanao,
Asha

Kitaya, 21 Julai

Marahaba, mwanangu. Tumeamka salama.

Arobaini imepita. Baada ya chakula Americo alisimama akasema, "Sasa Mwalimu atatufungulia sauti ya mama." Nikainuka. Nikawaambia nimeifuta kwa mkono wangu, uzee huu. Telma akajifunika uso kwa kanga. Americo akauliza, "Hata kidogo, Mwalimu?"

"Hata kidogo."

Nikatafuta viatu vyangu, nikaondoka watu wakinitazama. Tangu siku hiyo nikienda msikitini nazunguka nyuma ya mikorosho, nisipite kwao. Umesema kweli, nisingegusa.

Baba yako

Dodoma, 10 Agosti

Baba yangu, shikamoo. Afya ninayo. Najua nimekaa kimya, hata simu zako sikupokea.

Si wewe uliyefuta. Diski ile ya nakala nilirudi nayo huku. Barua yako iliponifikia niliifungua diski hiyo, nikakuta nakala ya mwisho ni ya Januari. Mama Lucinda alirekodi Mei. Niliifuta kompyuta bila kuchukua nakala mpya, nikaijaza vitu vya Januari. Uliponiuliza, "Mwanangu, na vya karibuni vimo?" niliona unanichelewesha, nikakujibu bila kutazama.

Nimeulizia kwa mafundi wote ninaowajua. Wanasema kilichofunikwa na kingine hakifufuki. Nami nimekuacha siku zote hizi ukijificha mikoroshoni kwa kosa langu, kwa sababu niliona haya kuandika mistari hii.

Ijumaa napanda basi. Kwa Americo nitakwenda mwenyewe. Tafadhali usinitangulie.

Mwanao,
Asha

Kitaya, 2 Septemba

Asha mwanangu,

Alhamdulillahi umerudi Dodoma salama. Mama yako anauliza kama unakula, maana hapa hukugusa kitu.

Ulipotoka kwa Americo hukugeuka nyuma, basi hukuona. Alibaki ameketi pale pale uani mpaka adhana ya magharibi. Wiki iliyofuata yeye na Telma walivuka mto pale Kilambo kwenda kuulizia kwa wazee wa ng'ambo. Wamepata kijiji alikozikwa baba yao. Kaburi hakuna anayelijua, pamelimwa. Padri wa huko akawasomea misa pembeni ya shamba la watu, wakarudi.

Nilikwenda kuwapa pole. Nikaanza kuomba radhi, Americo akanikatiza.

"Mwalimu, ulisimama mbele ya watu ukabeba lisilo lako. Mtoto wako naye akaja kulichukua. Sisi tufanye nini, tuwachukie? Ila ile sauti, Mwalimu..."

Hakumaliza. Telma akaleta uji, tukaunywa, kila mtu akitazama kikombe chake.

Ukija Desemba, anzia kwao, kwetu baadaye. Usibebe zawadi, wala usianze kueleza tena. Kaa nao tu, hata kama hawasemi kitu.

Baba yako,
Zuberi